Kumtafutia shangazi mtu wa kukaa naye wodini

Wodi ya wanawake haimlazi mwanaume, hata kama mwanaume huyo ndiye mtu pekee wa familia aliye karibu. Uzito wa jambo hilo niliuona mwaka jana wakati wa masika, shangazi yangu alipoteleza kwenye kihamba chake, yaani shamba la migomba la nyumbani, huko Kibosho karibu na Moshi, akiwa amebeba majani ya ng'ombe, akavunjika nyonga. Ni mzee aliyevuka miaka 80. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa, lakini mimi na dada yangu tulikulia mikononi mwake baada ya baba kufariki. Dada anafanya kazi Mtwara. Mke wangu alikuwa mzazi, mtoto hajatimiza hata arobaini. Mimi nafundisha sekondari Arusha, na wanafunzi wangu wa kidato cha sita walikuwa wanaelekea mtihani wa Mei. Arusha na Moshi ni kilomita 80 hivi, unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, ila ukifika unaruhusiwa kumwona mgonjwa saa za kuona wagonjwa tu. Kengele ikilia unatoka, na usiku wote unabaki kujiuliza nani anampa maji.

Aliyewahi kuuguza kwenye hospitali zetu anajua kwamba nesi ana kazi yake na ndugu wa mgonjwa ana yake. Nesi anatoa dawa, anachoma sindano, anafunga vidonda, anaangalia dripu, na usiku anahudumia safu nzima ya vitanda. Kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumpelekea chombo cha haja, kufua shuka zilizolowa, kukimbilia dirishani na karatasi ya kipimo, kwa sehemu kubwa ni kazi ya ndugu. Mgonjwa aliyevunjika nyonga hawezi hata kujigeuza. Shangazi alikuwa anasubiri zamu ya upasuaji mguu ukiwa umefungwa uzito wa kuuvuta, na daktari alitueleza wazi kwamba kwa mzee wa umri ule hatari haiko kwenye mfupa peke yake. Kulala chali muda mrefu kunaleta vidonda vya kulalia, kunaleta nimonia, damu inaweza kuganda kwenye miguu. Lazima awepo mtu wa kumsogeza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana.

Nilipotamka kwenye kikao cha ukoo kwamba tutafute mtu wa kumlipa, baba mdogo alikasirika. Akasema mama wa watu hawezi kuuguzwa na mtu wa kukodishwa kana kwamba hana kwao. Nilimwelewa. Kwetu kuuguza ni heshima, na mtu anakumbukwa miaka mingi kwa sababu alikesha na mgonjwa fulani. Nikamuuliza kwa adabu, "Baba mdogo, saa nane ya usiku nani atamgeuza?" Tukahesabu wanawake wa ukoo mmoja mmoja. Mke wake mwenyewe ana sukari na miguu imevimba. Binamu mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Nairobi. Wa hapa kijijini ana watoto wadogo na anauza ndizi Mbuyuni kila siku ya soko. Baba mdogo akanyamaza kwa muda, halafu akawa wa kwanza kutoa mchango. Tulikubaliana pale kwamba kulipa mtu hakumwondoi ndugu yeyote kwenye zamu ya kwenda kumwona, na kwamba chakula cha mgonjwa kitapikwa nyumbani.

Moshi ni mji wa wagonjwa wanaotoka mbali. Kuna Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, na kuna KCMC, ambayo tangu mwaka 1971 inapokea watu wa kanda nzima ya kaskazini. Mtu akitoka Manyara au Tanga na mgonjwa wake, ndugu wengine hawawezi kumfuata wote, kwa hiyo wapo wanawake, na wanaume pia kwa wodi za wanaume, ambao wanaishi kwa kazi hii ya kukaa na wagonjwa. Hawana ofisi. Unawapata kwa kuulizia, na hapo ndipo madalali wanapoingia.

Wa kwanza tulimpata kwa njia hiyo. Mtu mmoja alinihakikishia kwamba ana "dada mzoefu", akataka shilingi 20,000 kwa siku, zipite mkononi mwake. Akaja binti mdogo, mpole sana, wa kutoka mkoa mwingine, hajui neno la Kichagga. Baadaye binti mwenyewe aliniambia kwamba katika ile pesa yeye alikuwa anapewa 8,000, na kwamba alipochukuliwa aliambiwa anakwenda kufua nguo. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa anafua vizuri, na kila nilipopiga simu alisema, "Bibi hajambo, amekula." Lakini shangazi alikuwa ameacha kunywa maji. Alikuwa anaona haya kumwomba mtoto wa watu amwekee chombo cha haja, kwa hiyo akaamua asinywe ili asiwe na haja. Ni sista wa zamu ya asubuhi aliyeona ulimi umekauka na macho yameingia ndani, akatuita. Wazee wengi wanafanya hivi na hawasemi. Ukimwona mzee wodini anakataa chai, kabla hujamletea kinywaji kingine, jiulize anamwonea haya nani.

Yule dalali alipigiwa simu akazima. Binti tulimlipa mkononi mwake na nauli ya kurudi kwao.

Mama aliyekuja baada yake tulimpata kupitia kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya kanisa ya shangazi kule Kibosho. Ni mjane wa Uru, jirani na Kibosho. Alimuuguza mume wake kwa muda mrefu hadi mwisho, na tangu hapo watu wakawa wanamfuata awasaidie wagonjwa wao. Wodini wote wakaja kumwita Mama Mdogo, nami nitamwita hivyo.

Tulikutana kwenye benchi nje ya wodi. Nilimwamkia, tukakaa, na kabla sijaanza maswali yangu akaanza ya kwake. Bibi anaitwaje akiwa nyumbani? Anasikia masikio yote mawili? Ana meno ya bandia, na usiku yanawekwa wapi? Alikuwa analalia ubavu gani kabla hajavunjika? Ana presha, ana sukari? Amewekewa mpira wa mkojo au bado? Choo amepata lini? Anasali saa ngapi? Mengine sikuwa na jibu, akaniambia nikaulize. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia: nikiona kitu kibaya usiku, nimwambie nani katika ukoo, na nani ana neno la mwisho? Alisema amewahi kukaa na mgonjwa mwenye watoto sita, kila mmoja akitoa amri yake, mmoja anasema apewe maziwa, mwingine anakataza, na yeye katikati akigombezwa na wote.

Mimi nilikuwa na swali moja nililolitegemea. Nilimwomba anieleze kuhusu mgonjwa wa mwisho aliyekaa naye. Akanieleza bila kuficha kwamba alifariki. Akasema alikuwa mama mwenye kiharusi, alikuwa anapaliwa akila, na usiku mmoja pumzi ikabadilika. Akaeleza alichokiona, aliyemwita, saa waliyofika, na kitu alichojifunza kuhusu kumwinua mgonjwa vizuri kabla ya kijiko cha kwanza. Hakumlaumu mtu wala hakujisifu. Nilimwomba namba ya binti wa yule marehemu, nikampigia palepale, naye akasema kwamba msibani Mama Mdogo alikaa pamoja na wanafamilia. Nikaona nimepata mtu. Anayekwambia wagonjwa wake wote walipona ama hajauguza wengi au hakwambii kweli, na mtu ninayemtafuta mimi ni yule atakayenipigia simu usiku na habari nisiyotaka kuisikia.

Kuhusu malipo niliulizia sana. Kwa watumishi wa majumbani kuna kiwango cha kisheria, na amri ya kima cha chini ya mwaka 2022 ilitaja shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayeishi kwa mwajiri na 120,000 kwa asiyeishi kwake. Lakini kukesha na mgonjwa aliyevunjika ni kazi nyingine kabisa, na siwezi kumwangalia mtu usoni nikimpa kiasi hicho kwa mwezi. Tulikubaliana 15,000 kwa siku, mkononi mwake, kila Jumamosi, pamoja na chakula, sabuni, glavu na nauli. Tuliandika kwenye karatasi, baba mdogo akasaini na mwenyekiti wa jumuiya akawa shahidi. Jumapili anakwenda kanisani na kulala kwake, na siku hiyo binamu wa Mbuyuni anashika zamu. Hilo la mapumziko baadhi ya ndugu waliliona ni anasa. Mtu asiyelala wiki nzima hawezi kuona kitu saa tisa ya usiku, na macho yake ndiyo tuliyokuwa tunayalipia.

Pesa yenyewe ilitoka kwenye michango, kwa sababu hakuna pengine pa kuitoa. Bima yangu ya NHIF kama mtumishi wa serikali inanibeba mimi, mwenzi na wategemezi wanne, watoto au wazazi. Shangazi hayumo, ingawa ndiye aliyenilea. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inazungumzia matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitalini walituelekeza vizuri kuhusu barua ya kijiji na kitambulisho. Nendeni kwenye ofisi hiyo siku ya kwanza, msisubiri bili. Ila mtu wa kukaa na mgonjwa ni juu yenu wenyewe.

Kabla hajaanza nilimpeleka kwa sista mkuu wa wodi, nikamtambulisha kwa jina, nikaomba aandikwe kama muuguzaji wa mgonjwa wetu ili walinzi wasimsumbue na manesi wamjue. Wodi zinatofautiana, kuna zinazoruhusu mtu kulala na zisizoruhusu, na ni vizuri kuuliza kabla ya kuahidiana pesa na mtu. Sista alimpa mipaka yake mbele yangu: hashiki dripu, hatoi dawa, mgonjwa hasogezwi mguu uliofungwa bila nesi kuwepo, na mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu siku zote, hata wakati wa kumgeuza. Mama Mdogo alijibu, "Sawa, sista," na baada ya hapo wale wawili wakawa wanaelewana kwa macho tu.

Shangazi hakumkubali siku ile. Alisema yeye hajawahi kuvuliwa nguo na mtu asiye wa kwao. Mama Mdogo hakubishana naye. Alikaa pembeni ya kitanda akaanza kumenya chungwa, akawa anamuuliza kwa Kiuru, ambacho kinaelewana na lugha ya Kibosho, habari za kihamba, nani anakata majani sasa, na ng'ombe anakamuliwa na nani. Waliulizana wazazi, waliulizana parokia, wakafika kwa mtu wa Uru aliyeoa Kibosho ambaye wote wanamjua. Kuoga hakukutajwa mchana wote. Jioni shangazi mwenyewe ndiye aliyemwomba amfute mgongo, akamwita "mdogo wangu". Na kuanzia hapo akawa anakunywa maji.

Nilimwona akifanya kazi, na kuna kitu kimoja nataka kila anayeuguza akijue. Kila alipomgeuza alikuwa anamwinua kisigino, anakiangalia kwenye mwanga, halafu anabonyeza kwa kidole gumba kwa upole na kuachia. Akafanya hivyo kwenye nyonga ya upande mzima na chini kabisa ya mgongo, pale kwenye mfupa wa matako. Akanionyesha. Ukibonyeza penye wekundu, ukiachia pakawa peupe kidogo halafu rangi ikarudi, damu bado inapita. Ukibonyeza pasibadilike, kidonda kimeshaanza chini ya ngozi, hata kama juu hujaona kitu. Kwa ngozi yetu nyeusi, alisema, wekundu unaweza usionekane kabisa, kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja kupapasa, usikie kama pana joto au pamekuwa pagumu kuliko penginepo. Aliweka kitambaa kilichokunjwa chini ya shavu la mguu mzima ili kisigino kiwe hewani. Shuka lisiwe na mkunjo. Makombo ya mkate yasilaliwe. Shangazi alitoka hospitali bila kidonda hata kimoja cha kulalia.

Alikuwa pia na daftari, madaftari yale ya watoto wa shule ya msingi. Upande mmoja saa, upande wa pili jambo: mtori nusu bakuli, maji vikombe viwili, amegeuzwa kushoto, mkojo rangi ya chai, amelalamika kichwa. Mwandiko wa taabu, ameishia darasa la saba, lakini raundi ya madaktari ilipofika daktari wa zamu aliliomba daftari lile kabla hajaniuliza mimi chochote.

Baada ya upasuaji, ambao ulikwenda salama, ikatokea usiku mmoja shangazi akaanza kuweweseka. Akadai yuko kwenye zizi, ng'ombe hawajala, akataka kushuka kitandani na mguu uliotoka kufungwa chuma. Wagonjwa wa jirani walisema ndiyo uzee, bibi anachanganyikiwa, mwacheni atalala. Mama Mdogo alimshika mikono yote miwili akamjibu kwa Kichagga kwamba majani ameshakata na ng'ombe wamekula, akamtuliza mpaka akaegemea mto. Kisha hakuishia hapo. Akamwita nesi, akamwambia: "Huyu bibi jana saa hizi alikuwa ananihadithia harusi yake na majina ya wasimamizi. Hili limeanza leo. Na mkojo tangu mchana una harufu." Kisha akanipigia.

Wakapima mkojo. Kulikuwa na maambukizi, akaanzishiwa dawa, na siku chache baadaye akili ikarudi yote. Daktari alinieleza kwamba kwa mzee, homa inaweza isipande sana na maumivu asiyaseme, ishara ikawa hiyo ya kuchanganyikiwa ghafla. Neno ghafla ndilo la kuangalia. Na wa kulijua ni mtu aliyekaa na mgonjwa jana na juzi, akazungumza naye, akajua kwamba akili yake ilikuwa nzima. Nesi aliyeingia zamu jioni hiyo hawezi kulijua. Mimi niliyekuja Jumamosi nisingelijua. Binti wa kwanza, ambaye hakuwa na lugha ya pamoja na shangazi, angelijuaje?

Ndugu wanaponiuliza sasa kwa nini tulimpa mtu wa nje pesa yote ile, nawaeleza usiku huo. Nguvu za kunyanyua mgonjwa unazipata kwa watu wengi. Mwenye kuona kilichobadilika na asiogope kukisema kwa nesi, kwa daktari na kwa mwenye ukoo ni mtu wa kumtafuta kwa bidii, na ukimpata mlinde. Baba mdogo kuna siku alimfokea kwa simu kwamba anatutia hofu bure. Nilimwomba asirudie, kwa sababu mtu akifokewa mara mbili kwa kusema, mara ya tatu atanyamaza.

Shangazi aliporuhusiwa tulimwomba Mama Mdogo aje naye Kibosho kwa muda. Huko ndiko ilipobidi nisimame tena. Ndani ya nyumba kazi hazina mpaka, na kabla hata wiki haijaisha nikasikia anaambiwa akate majani, apikie wageni waliokuja kumpa mgonjwa pole, aoshe vyombo vya kila mtu. Nikaandika kwenye kundi la ukoo kwamba huyu amekuja kwa mgonjwa, kazi za nyumba zina wenyewe, na atakayemtuma kitu kingine anipigie kwanza. Choo kilikuwa mbali na njia inateleza, kwa hiyo fundi wa jirani alikata tundu kwenye kiti cha mbao, chini tukaweka ndoo. Fremu ya kutembelea tuliinunua mjini. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amemwonyesha Mama Mdogo, kabla hawajatoka wodini, namna ya kumsimamisha: asimvute mikono, amshike kiunoni, mguu mzima utangulie kupanda na ule uliofanyiwa upasuaji utangulie kushuka. Kila asubuhi wakawa wanatoka kitandani hadi mlangoni, kisha hadi kwenye migomba ya kwanza.

Mama Mdogo hakuondoka ghafla. Tulimtafuta binti wa jirani, naye Mama Mdogo akakaa naye siku kadhaa akimfundisha, akimwacha afanye na yeye akiangalia tu. Malipo ya mwisho tulimpa pamoja na kitenge na mkungu wa ndizi, shangazi akiwa amekaa kwenye kiti chake na kumshukuru mwenyewe. Wiki iliyofuata alikuwa tayari yuko na mgonjwa mwingine mjini.

Daftari liliachwa kwa binti. Tulipompeleka shangazi kliniki, daktari akauliza ameanza lini kusimama bila kushikwa, anatembea umbali gani, usiku anaamka mara ngapi. Binti akafungua ukurasa, akaanza kumsomea.